Kipimo cha mionzi hakiazimwi: Wesha na vumbi la nyuklia

Matumbawe ya Watamu, pwani ya Kenya, yamehifadhi habari ambayo wengi wetu tungedhani haikutufikia. Tumbawe hujijengea chokaa mwaka baada ya mwaka, na chokaa hiyo hubeba kaboni iliyomo katika maji yanayolizunguka. Watafiti walipoipima tabaka baada ya tabaka, waliona kaboni-14 ikianza kupanda baada ya katikati ya karne iliyopita, na chanzo chake kilikuwa mabomu ya nyuklia yaliyoripuliwa angani na mataifa makubwa, mengi yake maelfu ya kilomita kutoka pwani yetu. Mkondo wa bahari wa Afrika Mashariki hukokota maji kuelekea kaskazini mwaka mzima, ukipita Mafia, Unguja na Pemba kabla ya kufika Kenya. Maji yaliyoyalisha matumbawe ya Watamu ndiyo hayo yanayopita nje ya kisiwa cha Misali, mbele ya Wesha, Pemba. Kwa hiyo mtu anayeuliza kama mabaki ya mabomu yale yaliwahi kufika Pemba anauliza jambo ambalo bahari imekwisha kulijibu. Yalifika, na yalikuwa machache. Lililobaki ni gumu zaidi: kiasi hicho, au kikubwa zaidi kikija siku nyingine, kinapita njia gani hadi kumfikia kiumbe hai, na nani anayepaswa kuijua njia hiyo. Ninachodai hapa ni kwamba njia hiyo huamuliwa na udongo, chakula na miili ya mahali husika, na kwa sababu hiyo Wesha haiwezi kuishi kwa vipimo vilivyochukuliwa Ulaya, Japani wala hata Dar es Salaam. Inahitaji vyake, na inafaa ivichukue sasa wakati hakuna ajali.

Tuanze na kiasi, maana hapo ndipo hofu na dharau zote mbili hupotoka. Bomu au tanuri la nyuklia linapopasuka hutoa mamia ya aina za atomu zisizotulia, lakini zinazowahangaisha wanasayansi wa viumbe ni chache. Iodini-131 hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya siku 8. Ni kali na ni ya muda mfupi. Sesiamu-137 na strontiamu-90 zina nusu-uhai unaokaribia miaka 30, yaani mtoto aliyezaliwa siku zilipotua atakuwa mzee nazo bado zipo. Kaboni-14 hudumu maelfu ya miaka. Kati ya mwaka 1945 na 1980 yaliripuliwa angani mabomu ya majaribio zaidi ya 500. Kamati ya Kisayansi ya Umoja wa Mataifa kuhusu Athari za Mionzi, UNSCEAR, iliyoundwa mwaka 1955 kwa sababu ya majaribio hayo hayo, inakadiria kwamba katika mwaka mbaya kuliko yote, 1963, binadamu wa wastani duniani alipata kutokana nayo dozi ya mionzi ya milisiveti 0.11 kwa mwaka. Mionzi ya asili, ile ya ardhini, angani na ndani ya miili yetu, humpa wastani wa milisiveti 2.4. Takriban robo tatu ya strontiamu ya mabomu ilitua katika nusu ya kaskazini ya dunia, hasa katikati ya latitudo 40 na 50, na maeneo ya karibu na ikweta yalipata pungufu. Pemba iko nyuzi 5 hivi kusini ya ikweta. Ukiishia hapa utasema kisiwa kimesalimika na hakuna la kujadili, na wapo wataalamu makini wanaosema hivyo.

Kosa la hoja hiyo ni kwamba inahesabu kilichotua ardhini kana kwamba ndicho kinachoingia mwilini. Historia ya sayansi hii, tangu mwanzo, ni historia ya viumbe hai kutoa ushahidi ambao hesabu za wakubwa hazikuutazamia. Katika mji wa St. Louis nchini Marekani, kuanzia mwaka 1958, wazazi walikusanya meno ya utotoni ya watoto wao na kuwapelekea wanasayansi. Yalifika mamia ya maelfu. Daktari Louise Reiss na wenzake walionyesha mwaka 1961 kwamba strontiamu-90, ambayo mwili huipokea kama kalisi, ilikuwa ikipanda katika meno ya watoto waliozaliwa miaka ya majaribio. Ushahidi huo uliingia katika mjadala uliotangulia mkataba wa Agosti 1963 wa kupiga marufuku majaribio ya angani. Huko kaskazini ya Ulaya ni kuvumwani, viumbe vidogo vinavyofanana na mimea, visivyo na mizizi, vinavyojilisha kwa kile kinacholetwa na hewa na mvua, vilivyoikusanya sesiamu. Kulungu wa barafuni wakaila kuvumwani, na Wasami, wenyeji wa huko, wakala nyama ya kulungu. Baada ya ajali ya tanuri la nyuklia la Chernobyl, Ukraini, mwaka 1986, Norway ililazimika kupandisha kiwango kinachoruhusiwa katika nyama hiyo hadi bekereli 6,000 (yaani atomu 6,000 zinazovunjika kila sekunde) kwa kilo ili jamii nzima isipoteze riziki yake. Ardhi ya Wasami haikupokea sesiamu nyingi kuliko sehemu nyingine zote za Ulaya. Mlolongo wao wa chakula ndio uliowafanya wabebe zaidi.

Afrika Mashariki nayo imo katika ushahidi huu, na si kwa matumbawe pekee. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika nchi ambayo wachimbaji wake walizungumza Kiswahili. Kaboni ya mabomu, kwa upande mwingine, imekuwa chombo cha upelelezi cha kutetea wanyama wetu. Kwa kuwa kiwango chake hewani kilipanda ghafla na kisha kikawa kinashuka mwaka hadi mwaka, jino la ndovu hubeba tarehe ya kifo cha mwenyewe. Thure Cerling na wenzake walichapisha mwaka 2016 vipimo vya pembe zilizokamatwa kati ya mwaka 2002 na 2014, na wakaonyesha kwamba takriban asilimia 90 zilitoka kwa ndovu waliokufa katika miaka isiyozidi mitatu kabla ya kukamatwa. Madai ya wafanyabiashara kwamba wanauza akiba ya zamani hayakuwa na pa kusimama. Zanzibar, ambako mwaka 2011 pembe zaidi ya elfu moja zilikamatwa zikiwa zimefichwa ndani ya dagaa, ina sababu ya kujua kwamba vumbi la nyuklia limo katika mwili wa kila kiumbe kilichozaliwa baada ya miaka ya hamsini, na kwamba linaweza kusomwa. Kipimo kilichoanza kwa hofu ya bomu kimeishia kuwa ushahidi mahakamani, na hilo lisingewezekana kama watu wasingekuwa wameweka rekodi ya hewa mwaka baada ya mwaka bila kujua itatumika wapi.

Sasa tuje kwenye kisa ambacho kila Mpemba anayejali jambo hili angepaswa kukijua, nacho ni cha kisiwa cha Bikini, katika Visiwa vya Marshall. Wamarekani waliwahamisha wenyeji wa Bikini mwaka 1946 na wakaripua hapo mabomu 23, likiwemo lile la tarehe 1 Machi 1954 lenye nguvu ya megatani 15. Mwaka 1968 serikali ya Marekani ilitangaza kuwa kisiwa kimekuwa salama, na baadhi ya watu wakarudi. Mionzi ya nje, ile inayopimwa kwa kutembea na chombo mkononi, ilikuwa imeshuka vya kutosha. Minazi mipya ilipandwa, ikazaa, watu wakaanza kula nazi na kunywa madafu. Vipimo vya miili yao vikaonyesha sesiamu-137 ikipanda kupita matarajio yote, na mwaka 1978 watu 139 wakaondolewa kwa mara ya pili. Makosa yalikuwa mawili. La kwanza ni udongo. Bikini ni mchanga wa matumbawe usio na potasiamu ya kutosha, na mmea hauwezi kutofautisha vizuri sesiamu na potasiamu. Mnazi wenye njaa ya potasiamu huvuta sesiamu badala yake. Udongo wa mfinyanzi wa Ulaya na Marekani hushika sesiamu kwa nguvu na kuizuia isipande. Udongo wa Bikini haukuwa na mfinyanzi huo. Kosa la pili ni mlo. Waliokadiria walidhani watu wangekula nazi chache kuliko walizokula. Baadaye ilionekana kwamba kutia mbolea ya potasiamu hupunguza sana sesiamu katika nazi, dawa rahisi ambayo ingeweza kutumika mapema zaidi kama mtu angeuliza mapema mnazi unakula nini.

Tuitazame Pemba kwa jicho hilo. Kisiwa chetu si udongo mmoja. Vilima vya magharibi na katikati, vinavyobeba mikarafuu, ni vya udongo mzito. Upande wa mashariki na kaskazini kuna ukanda wa maweni, mawe ya matumbawe yenye udongo haba juu yake. Watu wa pande zote mbili wanakula nazi kila siku, kwa tui la samaki, la wali, la mihogo na la kisamvu. Mvua ya masika ya Pemba ni kubwa kuliko ya sehemu nyingi za mrima, na mvua ndiyo huteremsha vumbi la nyuklia kutoka hewani. Mahali penye mvua nyingi hupokea zaidi kuliko jirani yake mkavu ingawa upepo uliopita juu yao ni ule ule. Hivyo vitu vitatu vilivyowaangusha wataalamu wa Bikini, yaani udongo wa matumbawe, mnazi na mlo usiofanana na wa mpimaji, vyote viko Pemba. Simaanishi kwamba Pemba ni Bikini. Hapakuripuliwa bomu hapa na kiasi kilichotua hakilingani hata kwa mbali. Ninamaanisha kwamba kama siku moja tutaletewa jedwali linalosema bekereli kadhaa kwa kila mita ya mraba ni salama, itatubidi tuulize limetengenezwa kwa udongo upi na kwa sahani ya nani.

Mtu anaweza kupinga kwamba Bikini ni kisa cha zamani na sayansi imejirekebisha. Uingereza, nchi yenye wanasayansi wa mionzi wa kiwango cha juu kabisa, ilionyesha mwaka 1986 kwamba kosa lile lile linawezekana nyumbani. Mvua iliyobeba sesiamu ya Chernobyl ilinyesha juu ya milima ya Wales na Cumbria. Wafugaji wa kondoo waliambiwa mwezi Juni kwamba zuio la kuuza litadumu wiki tatu tu. Makadirio hayo yalitokana na tabia ya sesiamu katika udongo wa mfinyanzi wa mabondeni; milimani udongo ni wa mboji yenye tindikali, na sesiamu iliendelea kupanda katika nyasi msimu baada ya msimu. Zuio la mwisho liliondolewa mwaka 2012, miaka 26 baadaye. Wafugaji waliijua milima yao, wala hakuna aliyewauliza. Kama kosa hilo lilitokea saa chache kwa gari kutoka maabara kubwa za nchi hiyo hiyo, sioni sababu ya kuamini kwamba halitatokea kisiwani kwetu kwa sababu tu kitabu cha mwongozo ni kipya.

Mwili wenyewe nao ni sehemu ya mahali. Madhara makubwa yaliyothibitishwa kwa raia wa kawaida baada ya Chernobyl ni saratani ya tezi la shingo kwa waliokuwa watoto: zaidi ya wagonjwa 6,000 walikuwa wamehesabiwa kufikia mwaka 2005 katika maeneo yaliyoathirika ya Belarusi, Ukraini na Urusi, ingawa waliofariki walikuwa wachache kwa kuwa ugonjwa huu hutibika. Njia ilikuwa maziwa: ng'ombe walikula nyasi zenye iodini-131, watoto wakanywa. Lakini utafiti uliofuata ulionyesha jambo jingine. Katika maeneo ambayo watu walikuwa na upungufu wa madini joto, yaani iodini, hatari kwa kiasi kile kile cha mionzi ilikuwa takriban mara tatu. Tezi lenye njaa ya iodini hukamata yoyote inayopita, iliyo njema na iliyo mbaya. Sasa, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu Zanzibar ulionyesha kwamba upungufu wa madini joto ulikuwa ungalipo visiwani, na Pemba ilikuwa na hali mbaya kuliko Unguja, licha ya kuzungukwa na bahari na licha ya watu kula samaki. Chumvi ya viwanda vidogo vidogo vya hapa hapa ilikuwa haitiwi madini hayo ipasavyo. Hapa suala la nyuklia linageuka kuwa suala la duka la mtaani: chumvi yenye madini joto inayomfikia mtoto wa Wesha leo inamkinga na uvimbe wa shingo na udumavu wa akili bila bomu lolote, na ingempunguzia hatari siku ya ajali. Na huku kwetu njia ya iodini isingekuwa maziwa ya ng'ombe kwanza. Ingekuwa majani mapana yanayokaa wazi chini ya mvua: mchicha, matembele, kisamvu.

Bahari inahitaji kusemwa peke yake, kwa kuwa Wesha ni bandari na riziki yake imo majini. Kwa sesiamu, bahari ni rafiki. Maji ya chumvi yana potasiamu tele, na samaki wa baharini huchukua sesiamu kidogo sana ukilinganisha na samaki wa ziwani au mtoni. Ndiyo maana baada ya Chernobyl maziwa ya Skandinavia yalileta shida ya muda mrefu kuliko bahari. Mwezi Agosti 2011, miezi mitano baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, Japani, majodari 15 waliovuliwa karibu na San Diego, Marekani, walikutwa wote na sesiamu ya Fukushima, waliyoibeba kwa kuvuka Pasifiki nzima. Habari hiyo iliwatisha watu wengi. Lakini katika nyama ya majodari hao hao kulikuwa na poloniamu-210, ambayo ni ya asili na imekuwemo baharini tangu kabla ya binadamu, na mionzi ambayo ingempa mlaji ilikuwa mara mamia zaidi ya ile ya sesiamu. Poloniamu hii hukaa hasa katika ini na utumbo. Samaki mkubwa hutumbuliwa. Dagaa huliwa mzima, na kwa hiyo dagaa na wanyama wa magamba humpa mlaji poloniamu nyingi zaidi kwa kila kilo. Jamii za pwani zimekula hivyo kwa karne nyingi, na dagaa ni protini na kalisi ya maskini; hakuna sababu ya kumwacha. Sababu iliyopo ni ya kumpima, ili siku mtu atakapopima dagaa wa Wesha na kukuta mionzi, iwe imekwisha kujulikana ni ipi ya Mungu na ipi ya binadamu.

Swali la madhara kwa viumbe katika viwango vidogo ndilo ambalo wanasayansi bado wanabishana, na msomaji anastahili kuelezwa ubishi huo kwa uaminifu. Katika viwango vikubwa hakuna ubishi. Misonobari iliyo jirani na tanuri la Chernobyl ilikufa yote na kugeuka rangi, na eneo hilo likaitwa Msitu Mwekundu. Lakini kuhusu eneo pana linalozunguka, Anders Møller na Timothy Mousseau wamechapisha kwa miaka mingi ushahidi wa mbayuwayu wenye mabaka meupe yasiyo ya kawaida na uzazi hafifu, ndege wa jamii ile ile inayokuja Afrika kukimbia baridi ya Ulaya. Tatyana Deryabina na wenzake, mwaka 2015, walihesabu wanyama wakubwa upande wa Belarusi na hawakukuta kwamba wamepungua. Mbwa mwitu walikuwa wengi mara saba kuliko katika hifadhi za kawaida. Kwa maoni yangu makundi haya mawili hayapingani kama inavyodhaniwa. Kundi moja linatazama mnyama mmoja mmoja na mwili wake, la pili linahesabu wanyama baada ya mwindaji na mkulima kuondoka. Mnyama anaweza kuumia na jamii yake ikaongezeka, kwa sababu bunduki huua zaidi kuliko sesiamu. Hilo linahuzunisha, ila ndilo linalotokana na ushahidi.

Kuhusu binadamu na vizazi vyake, hofu ya mitaani imetangulia mbali mbele ya ushahidi. Watoto wa manusura wa Hiroshima na Nagasaki wamefuatiliwa kwa miongo mingi, na hawakuonyesha ongezeko la kasoro za kurithi linaloweza kugundulika kitakwimu. Mwaka 2021 vilichapishwa vipimo vya vinasaba vya watoto 130 ambao wazazi wao walikuwa karibu na Chernobyl au walishiriki kuisafisha. Mabadiliko mapya ya vinasaba hayakuzidi ya kawaida. Manusura wenyewe wanapata saratani zaidi, na ongezeko hilo huendana na kiasi cha mionzi walichopata. Kwa viwango vidogo sana mamlaka za kinga hudhani kwamba hatari hupungua sambamba na kiasi bila kufika sifuri, dhana ya tahadhari ambayo ni vigumu kuithibitisha au kuikanusha. Huko Kerala, India, ng'ambo ya bahari yetu hii, watu wanaoishi juu ya mchanga wenye thoriamu hawajaonyesha saratani zaidi ya majirani zao. Na Zanzibar yenyewe inadaiwa shukrani kwa mionzi: mbung'o wa Unguja walitokomezwa katikati ya miaka ya tisini kwa kuachia madume mamilioni yaliyohasiwa kwa mionzi huko Tanga, na mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996. Madume hayo hayakubeba vumbi lolote. Yalipigwa mionzi, mionzi ikapita, yakabaki bila uzazi. Kupigwa na mionzi na kubeba chembe zinazoitoa ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakowafanya watu wamwogope mgonjwa aliyetoka kupigwa picha ya eksirei.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja yangu ni la vipaumbele. Pemba ina malaria, ina minyoo, ina kichocho, ina watoto waliodumaa. Nani atapoteza fedha kuhesabu bekereli? Ningelikubali pingamizi hilo kama ningekuwa naomba kituo kipya chenye jengo na mkurugenzi. Siombi hivyo. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iko Wawi, karibu na Chake Chake, na imezoea kazi ya sampuli na kumbukumbu kwa zaidi ya miaka 20. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003, ina vyombo Arusha na hupima vyakula vinavyoingia na kutoka nchini, utaratibu ambao chimbuko lake ni hofu ya vyakula vya Ulaya baada ya Chernobyl. Sampuli ya dagaa, nazi, mwani, kisamvu na udongo inaweza kukaushwa, kusagwa na kufungwa Pemba, kisha ikapelekwa. Gharama kubwa, ya mashine na mtaalamu, imekwisha kulipwa. Tena mwani na karafuu ni bidhaa za kuuzwa nje. Mkulima wa Pemba aliye na rekodi ya miaka kumi mkononi ana jibu kwa mnunuzi, na asiye nayo hutegemea hisani ya mnunuzi huyo.

Wengine watasema Dar es Salaam inatosha. Kweli, mtandao wa kimataifa wa kusimamia marufuku ya majaribio ya nyuklia una kituo huko kinachonusa hewa na kugundua chembe ndogo mno, na ni fahari kwa nchi. Kituo hicho kimejengwa kugundua mripuko. Kitatuambia kama kuna kitu hewani. Hakiwezi kutuambia mnazi wa Micheweni umevuta nini au dagaa wa Wesha ana nini. Wengine tena watauliza ajali itoke wapi. Kenya ilichagua Uyombo, Kilifi, jirani kabisa na Watamu, kwa ajili ya mtambo wake wa kwanza wa nyuklia. Wakazi wakaandamana mwaka 2024, na baadaye macho ya serikali yakaelekezwa Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Sisemi mtambo huo haufai. Nchi yenye kiu ya umeme ina haki ya kuupima kwa vigezo vyake. Ila Kilifi iko kaskazini yetu, umbali wa kilomita 200 hivi kutoka Wesha, na kuanzia Disemba hadi Februari kaskazi huvuma kutoka huko kuja huku, hata kama mkondo wa bahari unakwenda kinyume chake. Majirani hawawezi kujadiliana juu ya madhara ya upepo ikiwa mmoja hana rekodi ya hali yake kabla upepo haujavuma. Fidia, zuio la samaki, kufungua tena soko, vyote huanza na swali moja la mwanasheria: kabla ya hapo kilikuwa kiasi gani?

Nao wasiotaka kipimo kwa kuogopa kwamba kitazua taharuki wanapaswa kuitazama Somalia. Baada ya tsunami ya Disemba 2004, taarifa ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ilitaja madai kwamba taka za sumu, zikiwemo za mionzi, zilikuwa zimetupwa pwani ile na kupasuliwa na mawimbi. Ujumbe wa kitaalamu uliokwenda baadaye haukupata ushahidi katika maeneo uliyoyakagua. Miaka imepita, na madai yale yanaendelea kurudiwa pwani nzima kama ukweli uliothibitika, huku wengine wakiyakana kabisa, na hakuna upande unaoweza kuunyamazisha mwingine kwa sababu haikuwapo rekodi ya zamani ya kulinganisha nayo. Taharuki ya aina hiyo haikuzuliwa na vipimo. Hata mionzi ya asili ingeweza kuwa chanzo cha uvumi kama huo: kilima cha Mrima, Kwale, ng'ambo ya mkondo wa Pemba, kina thoriamu nyingi kiasi cha kuwa miongoni mwa maeneo yenye mionzi ya asili ya juu katika Afrika Mashariki, na mtu akiokota mchanga huko leo na kuuweka mbele ya kifaa cha kupimia anaweza kuandika habari ya kutisha bila kusema uongo hata neno moja.

Kazi inayohitajika Wesha, basi, ni ndogo na ya kudumu. Dagaa na samaki wa miambani kutoka dikoni, mara mbili kwa mwaka, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, kwa sababu maji na upepo hubadilika. Nazi na udongo wa chini yake kutoka shamba la kilimani na shamba la maweni, ili tofauti ya Bikini ipimwe hapa badala ya kubahatishwa. Majani ya kisamvu baada ya mvua za kwanza za masika. Mwani kutoka kwa wakulima wanaokubali. Sesiamu-137 ipimwe kwa ajili ya mabomu na ajali, potasiamu-40 kwa ajili ya kulinganisha, na poloniamu-210 katika dagaa, hata kama ni kazi ngumu zaidi na ya kufanywa mara chache. Kiwango cha iodini katika mkojo wa watoto wa shule kiunganishwe na rekodi hiyo hiyo, badala ya kuachwa katika faili la wizara nyingine. Na namba zote zibandikwe dikoni na katika ofisi ya shehia kwa Kiswahili, pamoja na jina la taasisi iliyozipima na tarehe, ili mvuvi na mnunuzi wazisome kabla ya kutokea mtu wa kuwasomea.